Fundi Springi, Mtunza Vali wa Kiwanda cha Sabuni (1961–2024)

Wapendwa mliokuja kumsindikiza kaka yetu, Mungu aibariki miguu iliyowaleta. Nimepewa mimi, mdogo wake na kitinda mimba wa nyumba yetu, kusoma habari za maisha yake. Nitasoma kama zilivyo kwenye karatasi mliyo nayo mkononi, na ya jana na ya leo nitayaongeza kwa mdomo. Mkiona nimetua mahali, nivumilieni, kuna mahali sharti nivute pumzi kwanza.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Springi, alizaliwa Jumatano tarehe 3 Mei 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa pili kutoka kwenye tangi la maji. Alikuwa wa tatu kati ya watoto sita wa baba yetu, aliyekuwa mbadili njia za treni, na mama yetu, aliyekuwa mshonaji. Mama alitusimulia kwamba alitoka bila kulia. Mkunga akampiga vikofi viwili ndipo akavuta hewa, na mkunga akasema, "Huyu hakuwa na neno. Alikuwa anasikiliza kwanza." Na kweli, kaka aliishi hivyo. Ungemwambia jambo leo, akakujibu kesho kutwa, nawe umeshasahau ulimwuliza nini.

Kuna kisa kimoja cha utoto wake ambacho lazima nikiweke hapa. Baba alikuwa akienda kazini kwa baiskeli. Asubuhi moja alikuta tairi limelala, akachukua pampu, akapampu mpaka shati likaloa mgongoni, tairi halijai. "Pampu gani hii, inameza hewa haitemi!" Kaka alikuwa na miaka saba, amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Jana yake alikuwa ameifungua ile pampu aone hewa inakaa wapi, na alipoirudisha, kile kikombe kidogo cha ngozi cha ndani akakigeuza juu chini. Angeweza kunyamaza. Sisi wengine tungenyamaza, na kaka yetu mkubwa tayari alikuwa amejificha ingawa hakuwa na kosa. Lakini yeye alisema, "Baba, ni mimi." Baba hakumpiga. Alikaa pale pale kwenye kizingiti, akakubali kuchelewa kazini, akamwambia, "Ulichokifungua, kifunge mbele ya mwenye nacho." Akakaa anamwangalia mpaka akamaliza.

Maneno hayo yashikeni, wapendwa. Kaka aliyashika, yakamponyoka, kisha akayashika tena.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1969 hadi 1975. Miaka miwili iliyofuata alikuwa kwa fundi baiskeli wa mtaani, na ndiyo miaka niliyoanza mimi kusoma. Kitabu tulikuwa nacho kimoja, tunapokezana watoto wa mtaa mzima. Kaka alinifundisha herufi kwa makopo ya grisi na ya oili, ananiwekea kidole juu ya kila herufi, na kidole chenyewe cheusi. Mwalimu alipouliza ni nani anayechafua daftari langu, nilimwambia, "Ni elimu, mwalimu." Mwaka 1978 alichaguliwa kwenda chuo cha ufundi, akahitimu Novemba 1980 na cheti cha ufundi wa mitambo.

Tarehe 2 Februari 1981, siku ya Jumatatu, aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, akafanya kazi humo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2016. Miaka thelathini na mitano alikuwa na kazi moja, ya kutunza vali. Najua wengi hapa hamjui vali ni nini. Hata mimi sikujua, alinieleza mara nyingi, na nitawaeleza kama alivyonieleza.

Koki ya maji ya nyumbani unaizungusha kwa mkono. Kiwandani bomba ni nene kama paja, ndani mnapita mvuke wa moto, na mkono wa mtu hauwezi kukaa pale kutwa nzima unafungua na kufunga. Kwa hiyo juu ya kila vali huwekwa chombo cha chuma, mfano wa mabakuli mawili yaliyofunikana. Wao wanakiita kichwa. Ndani ya kichwa mna mpira upande mmoja na springi upande wa pili. Hewa inaletwa kwa kibomba chembamba kutoka kwenye kompresa, mashine ya kushindilia hewa, inausukuma mpira, vali inafunguka. Hewa ikipunguzwa, springi inasukuma kurudi, vali inafunga. Hivyo ndivyo mtu mmoja aliyesimama mbele ya ubao wa swichi anavyoweza kuendesha mabomba ishirini bila kuyagusa.

Lakini vichwa si vya aina moja. Kuna ambavyo hewa ikikatika, springi inafunga. Hivyo huwekwa kwenye mvuke, ili ajali ikitokea moto ukatike. Na kuna ambavyo hewa ikikatika, springi inafungua. Hivyo huwekwa kwenye maji ya kupoza, ili maji yasikatike. Kwa nje vinafanana kama mapacha. Kaka alisema fundi wa vali anajulikana kwa swali moja tu: "Hewa ikikatika, inaangukia wapi?"

Swali hilo alituuliza katika kila jambo. Kijana alipokuja kumposa binti yake wa kwanza, wazee wakauliza habari za kazi na za ukoo. Zamu ya kaka ilipofika akamkazia macho, akamwuliza, "Kijana, wewe ukikosa hewa, unaangukia wapi?" Kijana wa watu akajikuna, akajibu, "Mzee, mimi sina pumu." Tulicheka mpaka posa ikasahaulika mezani. Baadaye kaka akamwelewesha: siku mambo yakiwa mazuri kila mtu ni mzuri, yeye alitaka kujua siku ya mambo kukatika angefunga mdomo au angefungua mkono. Mkwe wetu huyo yupo hapa leo. Tangu jana ndiye anayepanga viti.

Tena kaka alikuwa na povu lake. Hewa ikivuja kwenye kibomba haionekani wala hainuki, basi yeye alikuwa akichovya brashi kwenye maji ya sabuni, anapaka kila kiungo. Palipo na tundu, hata dogo kama ncha ya sindano, povu linavimba. "Povu halimwonei mtu haya," alikuwa akisema. Jirani yetu mwenye mgahawa alinusurika kwa povu hilo, mtungi wake wa gesi ulipokuwa unavuja. Kaka alipita kunywa chai tu, akaomba ndoo na sabuni. Jirani akamwambia, "Fundi, vyombo vinaoshwa nyuma kule." Akapaka mtungi. Povu likavimba kama yai.

Mkewe alimpata kiwandani humo humo, katika chumba cha kufungasha. Mashine ya kupiga chapa vipande vya sabuni ilikuwa inaendeshwa kwa hewa, na mwaka 1987 kaka alionekana pale mara tatu kwa wiki. Binti mmoja mfungashaji akamwuliza mbele ya wenzake, "Fundi, hiyo bolti unaikaza tangu Jumatatu. Ina nini?" Kaka akajibu siku ya Jumatano, kama kawaida yake: "Inalegea nikiondoka." Msimamizi akasema, "Mashine haina ubovu hii, mbovu ni fundi. Mwoe mtoto wa watu tufunge mizigo." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa watoto watatu: binti mwaka 1990, mtoto wa kiume mwaka 1993, na binti wa mwisho mwaka 1998. Wifi yangu na kaka waliishi miaka thelathini na mitano na nusu, katika nyumba hii iliyo nyuma yenu. Hakuna aliyewahi kumsikia kaka akimwinulia mkewe sauti. Sahani zake alikuwa akiziosha mwenyewe, na kwa kweli hazikuwa zikitakata.

Sasa nimefika mahali pa kuvuta pumzi.

Katika kiwanda kile alikuwepo mfanyakazi mwenzake, mpishi wa sabuni. Ndiyo kazi yake na ndilo jina tulilomwita, Mpishi, ingawa kwake hajawahi hata kuchemsha chai ikanyweka. Yeye alikuwa akisimamia matangi matano ya kupikia sabuni pamoja na ubao wake wa swichi. Mpishi na kaka walikula chakula cha mchana pamoja kwa miaka kumi na tatu, juu ya ngazi ya chuma kati ya tangi la pili na la tatu.

Jumamosi tarehe 6 Agosti 1994, kichwa cha vali ya mvuke ya tangi la tatu kilipasuka mpira. Tangi lilikuwa limeshajazwa mafuta, msimamizi anahimiza. Kaka akaenda stoo, akapewa kichwa, akakifunga. Alipojaribu akaona kinafanya kazi kinyume: ukiiambia vali ifungue, inafunga. Alijua pale pale kwamba amepewa pacha asiye wake, kile cha maji ya kupoza. Kukirudisha kungemchukua saa tatu. Badala yake alikwenda kwenye ubao akageuza swichi moja ndogo ya nyuma, inayobadili mwendo wa amri, na kinyume juu ya kinyume mambo yakakaa sawa. Ukiiambia ifungue, inafungua. Akasema moyoni, "Jumatatu nitakitoa." Hakuandika popote. Hakumwambia Mpishi. Jumatatu mwanawe mdogo akapata homa kali, kaka akashinda hospitali siku mbili, na aliporudi kazini tangi la tatu lilikuwa linafanya kazi vizuri, akalisahau.

Alhamisi tarehe 18 Agosti, saa nane mchana, umeme ulikatika na kompresa ikazima. Hewa ikaisha kwenye vibomba. Vali zote za mvuke zikaangukia kufunga, isipokuwa ile moja. Ile iliangukia kufungua, wazi kabisa, na mvuke uliokuwa umebaki kwenye boila wote ukakimbilia tangi la tatu. Mpishi alikuwa amefunua mfuniko, anachota sabuni kwa mwiko mrefu aipime. Ilipanda kama maziwa. Ilimuunguza mkono wa kulia kutoka kwenye vidole mpaka begani.

Jioni ile ile kaka aliamriwa abadilishe vali. Akaweka kichwa kilicho sahihi. Swichi ya nyuma ya ubao ikabaki imegeuka, peke yake, kama shahidi wa uongo. Kamati ya uchunguzi ilipokuja iliona swichi hiyo, na ubao ulikuwa chini ya Mpishi. Ndani ya kamati hapakuwa na mtu aliyejua vali. Wakamwita kaka. Wakamwuliza, "Fundi, wewe ndiye uliyeiacha swichi hivi?"

Kaka alijibu siku ile ile, na hiyo haikuwa kawaida yake. Alisema, "Sikumbuki."

Basi. Neno hilo moja. Iliandikwa kwamba mpishi wa sabuni alichezea swichi, akajiunguza mwenyewe kwa uzembe. Mwezi Oktoba 1994 alipewa barua ya kuachishwa kazi, mkono ungali kwenye bandeji. Mtaani akaitwa Chezea-Swichi. Watoto wake waliitwa hivyo shuleni. Mnaokumbuka mnakumbuka, wala sina haja ya kuwatazama usoni.

Kaka hakumwambia mtu. Si mkewe, si mimi, si mchungaji wake. Alichofanya ni kuchonga vibati. Kila vali ya kiwanda kile aliivisha kibati shingoni, amechonga kwa mkono wake herufi F kwa inayoangukia kufunga na W kwa inayoangukia kuwa wazi, vibati mia mbili na kumi na saba. Tangu hapo hakuna aliyefunga kichwa kisicho chake. Mwaka 2003 kiwanda kilimpa hati ya heshima kwa ajili ya usalama. Wageni tulikuwa tukiuliza mbona hati nzuri hivi haitundikwi. Aliiweka kwenye droo, uso chini, chini ya mashuka. Tulidhani ni unyenyekevu.

Na miti. Mpishi alipoachishwa alianzisha kitalu cha miche kando ya barabara kuu, akamwagilia na kupandikiza kwa mkono wa kushoto. Kila Jumapili baada ya ibada kaka alipitia pale, akanunua mche mmoja. Karibu miaka thelathini, Jumapili kwa Jumapili. Wifi yangu akalalamika, "Fundi, sasa tutalala juu ya matawi?" Uwanja ukajaa, akaanza kugawia majirani, majirani wakajaza, akapanda kando ya njia mpaka kule shuleni. Watu wakasema fundi anapenda miti kuliko watu. Mimi nimemjua tangu nazaliwa, na nawaambia kaka hakuwa na habari na miti. Hakujua hata jina la mti mmoja. Kivuli mlichokaa leo, na mtaa wetu wenye kivuli kuliko mitaa yote, ni yale maneno aliyoshindwa kuyasema.

Mwaka 2021 alianza kukohoa. Daktari alisema mapafu yalikuwa yanakakamaa kama ngozi iliyoachwa juani, na hayatarudi. Mwishoni mwa 2023 alikuwa anavuta hewa kutoka kwenye mtungi, nyumbani, kwa mpira mwembamba puani. Hata hapo fundi alibaki fundi. Muuguzi aliyemhudumia alimkuta amekaa kitandani, brashi mkononi, anapaka povu kwenye koki ya mtungi. "Mzee! Hiyo si ya kiwandani!" Kaka akamwonyesha kiungo kilichovimba povu. Muuguzi akainama, akatazama, akasema, "Haya, nikabidhi spana."

Jumamosi tarehe 9 Machi 2024 alituma mtu amwite Mpishi. Mimi ndiye niliyepeleka chai. Nilitaka kutoka, kaka akasema, "Kitinda, kaa. Uwe shahidi." Akamweleza yote, polepole, kwa sababu pumzi haikutosha sentensi nzima. Stoo, pacha, swichi, Jumatatu. Mwisho akasema, "Nilisema sikumbuki. Tangu siku ile sijasahau hata saa moja."

Mpishi alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Akakiweka chini, chai nusu. Akauliza, "Miche yangu ulikuwa unainunulia nini?" Mpishi akasimama, akatoka, hakufunga mlango. Siku ile ile kaka alimweleza mkewe. Siku ya tatu wifi yangu alichukua ndoo, akazunguka uwanja mzima, mti mmoja mmoja, na aliporudi akaniambia, "Kumbe miaka yote nilikuwa namwagilia samahani."

Wiki tatu Mpishi hakuonekana. Tulimwomba Mungu sana. Kaka aliniambia, "Asiporudi ni haki yake, Kitinda. Usimlaumu kwenye sala zako." Jumamosi tarehe 30 Machi akaja, hajabisha hodi, akavuta kiti.

"Wewe," akamwambia, "unafikiri uliniunguza mkono? Mkono ulipona. Wanangu walikua wanajua baba yao ni mzembe na mwongo. Nilipowaambia sikuigusa, walikuwa wananitazama hivi, kwa huruma. Mtoto akikuhurumia kwa uongo ambao hukuusema, Springi, hapo ndipo paliungua."

Kaka akauliza, "Nifanye nini?"

"Useme mbele ya watu. Wote. Wanangu wawepo."

"Nitasema."

"Na mimi kusamehe sijamaliza," Mpishi akasema. "Nimeanza tu. Usinihimize." Kisha akamtazama kidevu. "Na ndevu hizi nani alikunyoa? Umefanana na brashi yako." Akaomba wembe na maji. Alimnyoa kwa mkono wa kushoto, taratibu, pale pale kitandani, na kaka ametulia kama mtoto. Tangu siku ile alikuja kila Jumamosi kumnyoa.

Ilipangwa kaka abebwe kwa kiti mpaka kwenye ibada, Jumapili tarehe 7 Aprili, aseme mwenyewe. Lakini Jumanne kabla ya siku hiyo alizidiwa, akalazwa siku kumi na sita, na aliporudi nyumbani sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Hilo lilimtesa kuliko ugonjwa. Alikuwa akifungua mdomo na hewa haitoshi neno. Akaomba daftari. Akaniandikia, kwa ule mwandiko wake wa kuchonga vibati: *Andika wewe. Soma siku ya kunizika, wote watakuwepo. Usipunguze.*

Nami nilimwambia, kaka, mimi ni mtu wa darasa la saba, wapo wasomi katika ukoo. Akaandika: *Nilikufundisha mwenyewe.*

Alifariki dunia Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mwezi mmoja na siku moja. Wifi yangu alikuwa anamkanda miguu kwa maji ya vuguvugu. Dirisha lilikuwa wazi. Hakuhangaika. Alivuta pumzi, akaitoa, tukangoja nyingine. Mkewe akaendelea kumkanda kidogo, kwa sababu maji yalikuwa bado na joto.

Karatasi hii ilipokuwa inaandikwa, kaka yetu mkubwa hakupenda, na simlaumu, ni mlinzi wa heshima yetu. Alisema, "Marehemu hana mdomo wa kujitetea. Tutaje mema." Nikamwambia, "Kaka, mdomo ulipokwisha aliagiza kwa mkono wake." Akaisoma yote, akaigonga meza kidogo kwa kidole, akasema, "Ni mtoto wa pampu yule yule." Ndiye aliyeipeleka kuchapishwa.

Jana nilikwenda kwenye kitalu, nikamsomea Mpishi kwanza, ndio utaratibu. Alisikiliza huku anapandikiza. Nilipomaliza nikamwuliza kama pana neno la kuondoa. Akasema, "Hakuna. Ila soma kwa sauti. Mwanangu wa pili akija msibani hupenda kukaa nyuma kabisa."

Basi nainua sauti, na wa nyuma kabisa mnisikie. Watoto wa Mpishi, wote wanne: baba yenu hakuigusa ile swichi. Hakuigusa mbele wala nyuma, hakujua hata kama imegeuzwa. Aliwaambia kweli tangu siku ya kwanza. Aliyeigusa ni huyu aliyelala hapa, kaka yangu, niliyempenda, naye aliogopa. Alichokifungua, leo amekifunga mbele ya mwenye nacho.

Marehemu ameacha mke, mfungashaji mstaafu wa kiwanda cha sabuni, watoto watatu, mabinti wawili na mtoto wa kiume, mkwe mmoja, asiye na pumu, wajukuu wanne, kaka mmoja, dada wawili, mmoja wao ndiye anayesoma, vibati mia mbili na kumi na saba kwenye shingo za vali, na rafiki yake, mpishi wa sabuni, aliyemnyoa Jumamosi iliyopita na akamnyoa tena asubuhi hii, kwa mara ya mwisho.

Ee Mungu, pumzi uliyompa ameirudisha yote, na neno lililobaki kifuani tumelitoa kwa niaba yake. Mpokee, umpumzishe kwa amani.